Injini Imekufa: Utengeneze, Ubadilishe au Uuze Gari?

Mwenye gari jijini Mwanza akiambiwa "Bosi, injini imekufa," mara nyingi huletewa na dawa yake papo hapo: kuna injini ya Japan iko Dar, jamaa anayeuza anafahamika, tuma hela leo ipakiwe usiku. Bei imeshatajwa na dalali ameshapigiwa simu, lakini hakuna aliyepima chochote. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Na wanaozipoteza wengi si matajiri. Ni mwalimu aliyekopa SACCOS akanunua IST, ni mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, mwenye Probox moja tu, ni kijana aliyekabidhiwa mchomoko, gari dogo la abiria, na anadaiwa hesabu kila jioni.

Makala hii inalinganisha njia nne zilizo mbele ya mtu wa namna hiyo: kutengeneza kilichoharibika tu, kufanya ovahoo kamili, kufunga injini ya mtumba, au kuuza gari lilivyo na kutafuta jingine. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Lipia vipimo kabla ya kulipia injini. Kisha linganisha njia hizo kwa gharama ya kila mwezi gari litakaokuwa barabarani, wala si kwa bei ya siku ya kununua. Anayefanya mambo hayo mawili huchagua vizuri hata kama mfuko wake ni mdogo.

Kwa nini injini huchemsha huku kwetu

Injini nyingi zinazoishia mezani kwa fundi zilianza kwa kuchemsha, na Mwanza ina sababu zake. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jiji limekaa juu ya kiwango hicho. Kwa mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, hayafiki 100. Injini nayo hufanya kazi ikiwa kwenye nyuzi 85 hadi 95. Pengo lililobaki ni dogo sana.

Kinacholilinda pengo hilo ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wenye alama ya 1.1 hubana maji kwa presha, na kwa presha hiyo hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 119. Mpira wake ukichoka, presha hutoroka na unarudi kwenye 96. Panda Isamilo ukiwa na abiria wanne na mizigo, au kaa kwenye foleni ya Mkuyuni jua la saa nane, na maji yataanza kuchemka ndani ya injini wakati mshale wa joto haujakutisha bado.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Wengi hujaza rejeta kwa maji ya bomba au ya ziwani kwa sababu yapo na ni ya bure. Maji matupu huleta kutu, na ya ziwani huja na tope linaloziba vinjia vyembamba vya rejeta. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huongeza kiwango cha kuchemka na huzuia kutu kwenye pampu na kwenye hedi ya aluminiamu.

Sababu ya tatu ni safari zenyewe. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la kwenda Sengerema na Geita huunganisha moja kwa moja bila mapumziko ya kusubiri kivuko. Ni neema kubwa kwa Kanda ya Ziwa, lakini gari lenye pampu ya maji iliyochoka halina tena mahali pa kupoa njiani.

Nayataja haya mapema kwa sababu moja: ukitengeneza injini au ukafunga nyingine bila kuondoa kilichoua ile ya kwanza, umenunua kifo cha pili. Rejeta, mfuniko, termostati, pampu ya maji na feni vimo kwenye bajeti ya kila njia utakayosoma hapa chini.

Vipimo kwanza, bei baadaye

Kipimo kikuu ni cha kompresheni. Fundi hufungua plagi, hufunga geji kwenye tundu la kila silinda na kuzungusha injini kwa stata. Chukua injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyo kwenye Probox na kwenye IST nyingi. Toyota huitaja kompresheni ya kawaida kuwa 15 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba na ya chini kabisa kuwa 11, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1.

Hapa mwenye gari wa Mwanza awe macho. Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo injini nzima inayosoma 15 Dar es Salaam inaweza kusoma 13 hapa bila kuwa na ugonjwa wowote. Fundi akikuonyesha 12.5 kwenye silinda zote nne na kusema imekwisha, mwulize tofauti ya silinda na silinda iko wapi. Zikilingana, injini hiyo bado ina uhai. Silinda tatu zikisoma 13 na moja ikasoma 7, hapo kuna tatizo la kweli.

Baada ya hapo fundi hudondoshea oili kidogo kwenye silinda dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zilizochoka. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Hii ni kazi ya saa moja au mbili, na ndiyo inayokuambia kama ugonjwa uko juu, kwenye hedi, au chini, kwenye pistoni na kranki. Tofauti ya gharama kati ya juu na chini ni kubwa mno kuiachia hisia.

Dalili nyingine utaziona mwenyewe. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoungua. Moshi wa bluu ni oili. Ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha ukakata, mara nyingi ni mipira ya valvu, kazi ndogo. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, fikiria ringi. Sauti nzito ya kugonga chini ya injini inayoongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi za kranki, na gari hilo lizimwe palepale kwa sababu kila dakika ya kuliendesha inaongeza gharama.

Kuhusu kula oili, usikubali kutishwa mapema. Vitabu vya Toyota huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Pima kwa dipstiki kwenye uwanja tambarare, andika kilomita, kisha pima tena baada ya wiki. Tazama pia kama inavuja nje, na mwambie fundi akague valvu ndogo ya hewa ya injini, ile inayorudisha mvuke wa oili. Ikiziba, gari hula oili kama lenye ringi mbovu, na bei yake ni ndogo sana.

Mwisho, peleka majibu ya vipimo kwa fundi wa pili ambaye umemwambia wazi kwamba hatapewa kazi hiyo, unamlipa maoni tu. Fundi asiye na maslahi kwenye injini itakayonunuliwa huzungumza kwa uhuru zaidi.

Njia ya kwanza: kutengeneza kilichoharibika tu

Vipimo vikionyesha kuwa chini ni kuzima, njia hii ndiyo ya kwanza kufikiria. Unalipia seti ya gasketi, kusawazisha uso wa hedi kwenye mashine ya kuchonga, mipira ya valvu, boliti kama zimevutika, oili, filta, kulanti na ufundi.

Ubora wa kazi unategemea mambo mawili ambayo mteja anaweza kuyaona kwa macho yake. Kwanza, hedi ipimwe kwa rula ya chuma kabla na baada ya kuchongwa. Kwa 1NZ-FE mpindo unaokubalika upande wa bloku ni milimita 0.05 tu. Ipimwe pia ufa kwa presha ya maji, hasa kwenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ya Prado na Hiace, ambayo hedi yake hupata nyufa baada ya kuchemsha. Kusawazisha hedi yenye ufa ni kutupa fedha. Pili, boliti zikazwe kwa spana ya torki kwa hatua. Kwa 1NZ-FE ni nyutoni mita 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Fundi anayekaza hedi kwa kukisia mkono, hata awe na miaka 20 kazini, anakuandalia kurudi gereji.

Njia ya pili: ovahoo kamili

Hapa injini hufunguliwa yote: pistoni, ringi, beringi, kranki, valvu, gasketi, pampu ya oili. Ikifanywa vizuri, unajua kila kilichomo ndani ya injini yako, na namba ya injini inabaki ileile ya kwenye kadi. Hizo ni faida mbili ambazo injini ya mtumba haikupi.

Lakini si kila bloku inapenda ovahoo. Dizeli kongwe kama 1HZ ya Land Cruiser na Coaster, au 3L na 5L za Hiace, zina bloku nzito ya chuma cha kusubu. Silinda zikilika hutobolewa na kufungwa pistoni za ovasaizi, na mafundi wa Kanda ya Ziwa wamezizoea. 1NZ-FE ni ndugu wa aina nyingine: bloku yake ni ya aluminiamu yenye slivu nyembamba za chuma zilizosubiwa humo humo, na nafasi ya kuzitoboa ni finyu. Silinda zake zikiwa hazijalika, kubadili ringi na beringi kunalipa. Zikiwa zimelika au zimekwaruzwa na pistoni iliyoshika kwa joto, ovahoo huwa na gharama kubwa na matumaini madogo.

Premio na Spacio zenye 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zina tatizo lao: pistoni zake zina matundu madogo ya kurudishia oili yanayoziba, na injini hula oili. Ukibadili ringi peke yake ukarudisha pistoni zilezile, tatizo litarudi. Dai pistoni za toleo lililoboreshwa.

Ugumu mkubwa wa ovahoo ni kwamba ubora umejificha ndani. Kwa hiyo nunua spea mwenyewe, pamoja na fundi, kwenye duka linalotoa risiti. Pokea spea zote za zamani zilizotolewa. Piga picha kila hatua. Na uwepo siku ya kupima silinda na kranki kwa maikromita. Gereji bubu isiyo na maikromita wala spana ya torki haifai kwa kazi hii, hata kama bei yake ni nusu.

Njia ya tatu: injini ya mtumba

Injini za mtumba tunazofunga hutoka Japan, nyingine zikipitia Dubai na Sharjah. Zipo kwa wingi kwa sababu Wajapani huacha magari yangali mazima: ukaguzi wa lazima wa gari, unaofanyika miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya kisha kila miaka 2, ni ghali, na wengi huona nafuu kuliachia. Kwa hiyo injini nzuri zipo kweli. Kazi ni kuitofautisha nzuri na ile iliyotolewa kwenye gari lililochemsha huko kwao.

Kauli ya "imetembea kilomita 60,000" haina thamani kwenye injini iliyotolewa garini, kwa sababu geji ya kilomita ilibaki kwenye gari. Amini unachokiona. Fungua mfuniko wa oili utazame kama kuna tope jeusi. Toa plagi uzione rangi zake. Zungusha kranki kwa mkono. Dai kompresheni ipimwe kabla ya fedha kutoka. Kama injini iko Kariakoo au Ilala nawe uko Nyegezi, mtume ndugu au fundi unayemwamini akasimamie, na video itumwe injini ikizungushwa na namba yake ikionekana. Umbali ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Injini mbovu ikishafika Mwanza, gharama ya kuirudisha huwafanya wengi wakubali hasara.

Hakikisha pia inalingana na gari lako. 1NZ-FE zenye kebo ya mafuta na zenye mfumo wa umeme haziingiliani bila kazi ya nyaya na kompyuta. Ya gari la magurudumu manne ina sampu tofauti. 2NZ-FE ni ya lita 1.3. Na 1NZ-FXE ni ya Prius, gari la haibridi, ingawa kwa nje zinafanana. Kabla ya kufunga, badilisha injini ikiwa chini: sili za kranki, pampu ya maji, termostati, na mkanda wa taimingi kwa injini zenye mkanda kama 1KZ-TE na 1HZ, ambazo huhitaji mpya takriban kila kilomita 100,000. Ikiwa mezani kazi hiyo ni ya saa chache. Ikishaingia garini unalipia ufundi mara mbili.

Njia ya nne: kuuza na kununua jingine

Watu wengi hulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari zima, kisha husema "milioni mbili na nusu kwa gari la milioni kumi, bora niuze." Hesabu hiyo inapotosha. Linganisha gharama ya matengenezo na pengo kati ya bei ya gari likiwa bovu na bei yake likiwa zima. Tuseme likiwa zima ni milioni 10 na likiwa bovu unapewa milioni 5.5. Pengo ni milioni 4.5. Matengenezo ya milioni 2.5 yanaokoa milioni 2 hata kama unakusudia kuliuza mwezi ujao.

Kununua jingine nako kuna mzigo wake. Gari la mtumba linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, nyongeza ya asilimia 30 kama limezidi miaka 10, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya hayo. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Kitumie kabla ya kumsikiliza wakala. Ukinunua la mkononi hapa hapa, unaweza kuwa unanunua ugonjwa uleule uliouza.

Njia hii inafaa pale bodi imeoza kwa kutu, giaboksi nayo imechoka na injini imekufa. Hapo matengenezo ya injini hayarudishi thamani. Uza, na mwambie mnunuzi ukweli.

Hesabu mezani

Namba zifuatazo ni za mfano. Weka zako ulizopewa na fundi wako. Tuseme gari ni mchomoko unaoleta hesabu ya shilingi 30,000 kwa siku.

Kutengeneza hedi: spea na ufundi 650,000, siku 5 bila kazi ni 150,000. Jumla 800,000.

Ovahoo: spea, kuchonga na ufundi 2,400,000, siku 12 bila kazi ni 360,000. Jumla 2,760,000.

Injini ya mtumba: injini 2,000,000, usafiri 150,000, kufunga 250,000, pampu, oili, kulanti na vidogo vingine 200,000, siku 4 bila kazi ni 120,000. Jumla 2,720,000.

Tazama jinsi injini iliyoonekana nafuu kwa 400,000 ilivyokuja kulingana na ovahoo. Sasa gawa kwa miezi. Ovahoo ikidumu miezi 36 ni 76,700 kwa mwezi. Injini ya mtumba ikidumu miezi 36 ni 75,600, lakini ikidumu 24 ni 113,300. Kutengeneza hedi kukidumu mwaka mmoja ni 66,700 kwa mwezi, nafuu kuliko zote. Kukidumu miezi 5 kwa sababu ringi zilikuwa zimekwisha na hakuna aliyepima, ni 160,000, ghali kuliko zote.

Kinachoamua, basi, ni miezi. Na kinachokupa makisio ya kuaminika ya miezi ni vipimo, kwenye injini yako na kwenye ile unayotaka kununua.

| Njia | Chagua kama | Hatari kubwa |
|---|---|---|
| Kutengeneza hedi | Vipimo vinaonyesha chini ni kuzima, beringi hazigongi | Ufa kwenye hedi, ringi zilizochoka |
| Ovahoo | Bloku ya chuma, fundi mwenye vipimo, unaweza kusubiri | Kazi mbaya iliyojificha ndani |
| Injini ya mtumba | Bloku imeharibika, gari linahitajika haraka | Historia isiyojulikana, kutolingana |
| Kuuza | Bodi na giaboksi navyo vimechoka | Ushuru, au kununua tatizo jingine |

Fedha, bima na karatasi

Bima kubwa haitakusaidia kwa kawaida: hulipa ajali, moto na wizi, wala si injini iliyochakaa au kuchemsha. Usipoteze wiki ukisubiri majibu.

Usikope kausha damu kwa ajili ya injini. Mkopo wa milioni 2 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi unakula 200,000 za riba peke yake, zaidi ya mara mbili ya gharama ya ovahoo kwa mwezi katika hesabu yetu. SACCOS, VICOBA au kuliacha gari limelala mwezi mmoja ukikusanya ni nafuu kuliko mkopo huo. Injini iliyozimwa haiharibiki zaidi kwa kusubiri kiasi hicho, mradi maji yaliyoingia kwenye oili yatolewe kwanza.

Makubaliano yaandikwe, hata kama fundi ni shemeji. Karatasi moja inatosha: namba ya injini, kazi itakayofanywa, bei ya spea na ya ufundi kila moja peke yake, siku ya kumaliza, na dhamana ya muda gani. Sentensi muhimu kuliko zote ni hii: injini ikirudi ndani ya dhamana, nani analipa ufundi wa kuitoa na kuifunga tena? Wauzaji wengi hukubali kubadilisha injini, kisha mteja akajikuta analipia ufundi mara ya pili. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho ibaki mpaka gari litembee kwenda na kurudi Kisesa au Usagara likiwa na mzigo, bila kuchemsha na bila kuvuja.

Dai risiti ya EFD. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji, kwa hiyo aina ya gari na namba ya injini ziandikwe kwenye risiti au ankara. Ukiuziwa injini kwa maelezo ya uongo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakulinda, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo mahali pa kupeleka malalamiko. Bila karatasi, malalamiko yako yatakuwa maneno yako dhidi ya maneno yake.

Injini ikibadilishwa, namba iliyo kwenye kadi ya gari haitalingana tena na iliyo kwenye bloku. Peleka gari likakaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, kisha nenda TRA na nyaraka za injini taarifa zirekebishwe. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza au ya kusimamishwa barabarani itaonekana kama injini ya wizi. Na muuzaji asiye na nyaraka za injini asipewe fedha yako, kwa sababu huenda ni ya wizi kweli.

Uamuzi wangu

Kwa mwenye IST au Probox ya familia iliyochemsha mara moja ikazimwa mapema: pima, kisha tengeneza hedi. Usikubali injini nyingine kabla ya kuona namba za kompresheni. Kama bloku imekwaruzwa, nenda kwenye injini ya mtumba iliyopimwa, wala usiingie kwenye ovahoo ya bloku ya aluminiamu iliyolika.

Kwa mwenye Hiace ya 3L au 5L, Coaster au Land Cruiser ya 1HZ: ovahoo kwa fundi mwenye vifaa ndiyo chaguo langu la kwanza, hata kama inachukua wiki mbili. Bloku hizo zilitengenezwa zifunguliwe na kufungwa tena, na spea zake zinapatikana.

Kwa mwenye mchomoko au daladala ndogo anayeishi kwa hesabu ya kila siku: siku za kulala ni fedha, na injini ya mtumba inaweza kukufaa, kwa masharti mawili: kompresheni ionekane kabla ya malipo, na dhamana iandikwe pamoja na ufundi.

Kwa mwenye 1KZ-TE: hedi ipimwe ufa kabla ya mazungumzo yoyote ya bei.

Na kwa kila mmoja, kabla injini yoyote haijawashwa, weka rejeta iliyosafishwa, mfuniko mpya, termostati mpya na kulanti. Fundi akisema hivyo vinaweza kusubiri mwezi ujao, tafuta fundi mwingine.